Baba mdogo alisoma chuo ninachokitaka, je jina lake litanipeleka masta Marekani?

Anti shikamoo, pole na majukumu. Naomba usitaje kiwanda ninachofanyia kazi maana Mwanza yetu hii watu wanajuana.

Nina miaka 27, naishi Buzuruga, nipo kiwanda cha minofu ya samaki upande wa kwoliti, huu ni mwaka wa tatu. Digrii yangu ni ya mambo ya uvuvi, nimesoma Dar nikatoka na GPA ya 3.8, na fildi nilifanya kwa watafiti wa samaki hapahapa Mwanza. Tangu nipo chuo natamani masta, na naitaka kwenye samaki wa ziwa letu, sio kwamba nataka tu kupanda ndege. Kazini kila siku napima sangara, urefu, uzito, jike au dume, ana mayai au hana, mabondo (vile vifuko vya hewa vya tumboni) yana gramu ngapi, bosi anahitaji baadhi tu ya hivyo vitu ila mimi nimezoea kuandika vyote kwenye kaunta buku, sasa hivi nipo kwenye la nne.

Tatizo langu ni hili. Baba yangu alifariki nikiwa fom tu (kidato cha pili), baba mdogo ndiye aliyebeba ada zangu zote mpaka nikamaliza fom siksi, kwahiyo kwangu yeye ndio baba. Yeye alisoma masta ya uchumi wa kilimo Marekani kwenye chuo kimoja kikubwa cha jimbo, akarudi 1997, sasa yupo Dar na ana nafasi yake nzuri tu. Hicho chuo kina idara ya samaki na maziwa ambayo nimeisoma kwenye tovuti yao mpaka nimeikariri. Mwezi wa sita nilipomwambia alifurahi sana, akasema "pale ni nyumbani, wewe unapita mlangoni", akaniagiza nisifanye chochote kwanza, ataongea na watu wake, nisiwaandikie maprofesa nitaonekana sina adabu, kwenye barua ya malengo nianze kwa kusema mimi ni mtoto wake, na zile barua tatu za rekomendesheni moja ataandika yeye.

Sasa ni mwezi wa kumi Anti. Dedlaini tarehe 1 Desemba. Kila nikipiga naambiwa "tulia mwanangu nalifanyia kazi". Halafu kuna mwenzangu hapa kazini naye anaomba hukohuko, shemeji yake yaani mume wa dada yake ameajiriwa pale chuoni kwenye mambo ya kompyuta, ananiambia bila koneksheni hata Marekani huingii, akanionyesha na habari ya wale wazazi waliohonga ili watoto wao wachukuliwe. Nikarudi nyumbani nimeishiwa nguvu. Ada ya aplikesheni ni dola 75, kwa mshahara wangu hiyo ni hela ya maana, naogopa kuitupa.

Je ni kweli jina la ndugu linasaidia kwenye masta? Na kama halisaidii, namwambiaje baba mdogo bila kuonekana nimemdharau, mtu aliyenisomesha?

Ni mimi Msubiri wa Buzuruga

---

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilisimama pale kwenye kaunta buku la nne, nitarudi hapo.

Jibu kwanza, maelezo baadaye. Anza aplikesheni yako wiki hii, kwa jina lako, kwa mkono wako, na usimsubiri mtu yeyote hata kama ni baba mdogo. Siku zilizobaki zinatosha ila hazina ziada.

Sasa nianze na baba mdogo maana sitaki umfikirie vibaya. Anachosema hakukitoa hewani. Marekani kweli upo utaratibu wa kumpendelea mtoto wa mtu aliyesoma chuo hicho, ulianza kwenye vyuo vyao vya kifahari miaka ya 1920, wakati walipokuwa wanatafuta njia ya kupunguza wanafunzi wa Kiyahudi, na haukufa. Kwenye kesi ya Harvard iliyoamuliwa na Mahakama Kuu ya Marekani mwezi wa sita 2023, kesi yenyewe ilikuwa ya kuangalia rangi ya mtu kwenye udahili lakini takwimu za chuo zilimwagwa mezani, ikaonekana watoto wa waliosoma Harvard walikuwa wanachukuliwa kama 33 kati ya 100 wakati wengine ni kama 6 kati ya 100. Hiyo tofauti ni kubwa mno na mimi inaniuma kila nikiikumbuka. Kwahiyo mtu aliyeishi kule miaka ya 90 akirudi na imani kwamba jina la ukoo linafungua mlango, alikuwa na sababu.

Lakini soma vizuri hapo: hayo yote ni digrii ya kwanza. Ni mtoto wa miaka 18 ambaye hajafanya kitu chochote bado, na ofisi ya udahili inapanga darasa la maelfu, na vyuo binafsi vinafikiria michango ya wazazi. Anayehesabiwa mara nyingi ni mtoto wa kumzaa, pengine na mjukuu, sijawahi kuona fomu inayouliza baba mdogo. Na hata hukohuko mambo yanabadilika, chuo cha Johns Hopkins waliachana nao, chuo cha MIT hawautumii, jimbo la Colorado liliupiga marufuku kwenye vyuo vyake vya umma 2021, Virginia wakafuata 2024, na California mwaka huohuo ikapitisha sheria ya kuvibana mpaka vyuo binafsi. Wewe unaomba masta, tena kwenye chuo cha jimbo. Ni mlango mwingine kabisa.

Na ile habari aliyokuonyesha mwenzako ni ya 2019, watu 50 walishtakiwa, wazazi peke yao 33, walikuwa wanahonga makocha wa michezo na kuiba mitihani ya kujiunga. Ni digrii ya kwanza tena. Na mratibu wao, William Rick Singer, alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu na nusu. Walionaswa ndio hao, sasa mtu asiitumie habari hiyo kukuambia kwamba ndiyo njia ya kawaida.

Masta ya utafiti kama yako inaamuliwa hivi. Faili lako linaenda idarani, linasomwa na kamati ya maprofesa wachache wa fani hiyohiyo, na mara nyingi jina linalobeba uzito kuliko yote ni la profesa mmoja ambaye atakusimamia. Huyo ana hela ya mradi, ruzuku aliyoihangaikia, na kwenye hiyo ruzuku ndimo anatoa ada yako na posho ya msaidizi wa utafiti. Yaani akikuchukua wewe anakulipa wewe, na kwa miaka miwili kazi yake ikiharibika imeharibika mikononi mwako. Wewe umekulia Mwanza, nenda mwaloni Kirumba jioni kwenye giza la mwezi mitumbwi ya dagaa ikijiandaa, muulize tajiri anapakiaje watu. Mtoto wa ndugu yake anaweza kumpakia, sikatai, lakini akiona hajui kuvuta nyavu usiku na taa anazizima kwa uzembe, usiku wa pili anamwacha mchangani, maana mafuta ni yake na hasara ni yake. Sasa huyo profesa hata huo undugu hana, aliyesoma uchumi wa kilimo miaka karibu 30 iliyopita idara nyingine kabisa yeye hamjui na wala hatamjua.

Ndio maana ile barua ya malengo usiianze na baba mdogo. Nisikilize mwanangu, hilo nakuomba. Msomaji ana mafaili mengi, mistari yako ya kwanza ndiyo inamfanya akae vizuri au apitilize, na ukianza na jina la ndugu atajiuliza kwanini huyu hajaanza na samaki. Kama fomu yenyewe ina swali kwamba una ndugu aliyesoma au anayefanya kazi hapa, jaza ukweli, ni mstari mmoja, haudhuru. Kwenye barua usimuweke.

Anza na daftari lako. Miaka mitatu, makaunta manne, sangara mmoja baada ya mwingine kwa mkono wako, yupi ana mayai na alikuwa na urefu gani, yupi hajafika ile sentimita 50 ya sheria lakini kaletwa, mabondo yanapanda uzito miezi gani. Unajua kuna watu wanatafuta ruzuku ya miaka ili wapate hicho kitu? Mimi sio mtu wa samaki lakini nimekaa nyumba moja na mtafiti kwa muda mrefu, najua wanavyohangaika na namba za kila siku. Andika kwenye hiyo barua swali moja tu ambalo daftari limekufanya ujiulize, kwa mfano kama siku hizi majike wanaanza kubeba mayai wakiwa wadogo kuliko unavyosoma vitabuni, kama daftari linaonyesha hivyo lakini, usitunge. Angalizo: namba za kiwandani ni za kiwanda. Kabla hujatuma jedwali lolote nje muombe bosi wako ruhusa ya maandishi. Kueleza kwamba unapima na umejifunza nini haina shida, kugawa takwimu zao ni kitu kingine na kinaweza kukukosesha kazi.

Hili la kuwaandikia maprofesa kwamba ni utovu wa adabu, hapana. Kwa masta za namna hii kule ndiyo kawaida, wengine wameandika kabisa kwenye kurasa zao kwamba wanapokea wanafunzi mwaka huu niandikieni kwanza. Imeili fupi, aya mbili, mimi ni nani, nafanya nini kila siku, nimesoma andiko lako fulani (na uwe umelisoma kweli), je unachukua mwanafunzi na una nafasi ya msaidizi wa utafiti. Basi. Chagua watatu wanne, kila mmoja imeili yake. Na hapa ndipo hofu yako ya dola 75 inapoisha, maana ukiandika mapema utajua kama kuna anayekutaka kabla hujalipa chochote, na ukiwa unaandikia idara waulize pia kama wanasamehe ada ya aplikesheni, vyuo vingi vina huo utaratibu ila hawautangazi kwa sauti, lazima uombe. Waulize na kuhusu mtihani wa Kiingereza, wengine wanausamehe kwa mtu aliyesoma digrii kwa Kiingereza kama wewe, hiyo nayo ni hela umeokoa.

Barua za rekomendesheni. Baba mdogo asiandike. Barua ya ndugu haihesabiwi, na mna jina moja la ukoo, kamati itaona mara moja na itadhani umekosa watu wa kukusemea. Unao watu. Supavaiza wako wa ripoti ya mwisho Dar, bosi wako wa kwoliti ambaye anakuona kila siku, na yule mtafiti uliyekuwa chini yake kipindi cha fildi. Huyu wa tatu ndiye wa kumkimbilia kwanza. Watafiti wetu wa ziwa wameandika maandiko na watu wa nje miaka mingi, kuna uwezekano kamati ya huko inalijua jina lake, na barua ya mtu wanayemjua inayosema "huyu binti nimemuona anapima samaki mia mbili na hakuruka hata mmoja" inabeba uzito kuliko kitu kingine chochote kwenye faili lako. Kwahiyo ukiniuliza kama kujuana kunasaidia nitakwambia ndiyo, kujuana kwa kazi. Muombe sasa hivi, mpe wiki nne, mtumie CV yako na kurasa kadhaa za daftari, na mkumbushe bila aibu.

Kuhusu mwenzako na shemeji yake. Usimuonee wivu wala usigombane naye. Vyuo vingi kule vinawapunguzia ada wafanyakazi wao, wake zao, waume na watoto wao, huo ni ukweli na ni faida ya pesa, lakini haufiki kwa mdogo wa mke. Na hata angekuwa profesa kwenye kamati yenyewe, ndugu akiomba anatakiwa atoke asishiriki kumjadili. Kuna sehemu undugu unakuzuia kabisa, ufadhili wa masta wa Chevening wa Uingereza kwa mfano hawaruhusu ndugu wa karibu wa wafanyakazi wa serikali yao. Shemeji anaweza kumwambia nyumba za kupanga ziko wapi na baridi inaanza lini, muulizeni wote wawili hayo.

Tubaki kwa baba mdogo, maana naona ndipo roho yako ilipokaa.

Mwaka 2009 nilikuwa nimekaa kama wewe. Nilitaka masta hapahapa nchini, mjomba wangu akaniambia nisipeleke fomu, ataipeleka yeye na kimemo. Fomu niliijaza kwa wino mweusi, nikaiweka kwenye bahasha ya kaki, nikampa mkononi stendi. Ilikaa kwenye dashibodi ya gari lake. Niliikuta hapohapo mwezi mmoja baada ya dedlaini, jua limeikunja pembeni, na mjomba alilia nilipoichukua, alilia kweli, alikuwa na mambo mengi na alinipenda na alisahau. Sikumlaumu. Lakini mwaka ulikwenda. Sisi tumekulia kwenye vimemo mwanangu, mkubwa akisema "nitaongea nao" tunaona tukijishughulisha wenyewe ni kumvunjia heshima, na mkubwa naye anashindwa kusema kwamba wale aliowajua wamestaafu, namba haziiti, hajui aanzie wapi. Nadhani baba yako mdogo yupo hapo. Miezi minne ya "nalifanyia kazi" kwa mtu anayekupenda kiasi hicho, sidhani kama ni uzembe, naona ni aibu ya kukuangusha.

Kwahiyo usimuulize tena amefikia wapi. Mpe kazi anayoiweza. Mpigie Jumapili jioni akiwa ametulia, salimia, mjulie hali mama mdogo na watoto, kisha sema hivi: "Baba, nimesoma maelekezo ya idara, wamesema mwombaji aandike mwenyewe kwa maprofesa na barua za ndugu hawapokei, kwahiyo nimeanza ili dedlaini isinipite. Ila kuna kitu nakihitaji kutoka kwako na hakuna mwingine wa kunisaidia. Naomba unisomee barua yangu ya malengo, wewe umekaa kule, uniambie wapi naandika kama mtu wa huku." Umeona, hujamwambia amekosea, maelekezo ndiyo yamesema, ila yafungue uyasome kabla hujapiga, useme yale tu yaliyomo. Halafu muulize kuhusu maisha: alipofika alikuwa na shilingi ngapi mfukoni, posho ilimtosha, alikaa na nani, kitu gani angependa mtu angemwambia kabla. Hayo anayo yeye na mwenzako wa kazini hana. Na ukipata nafasi halafu ubalozi ukahitaji kuona nauli na fedha za kuanzia, hapo utamhitaji kuliko sasa, usimchoshe kwa kitu ambacho hakipo mikononi mwake.

Akikasirika kidogo, vumilia siku mbili, kisha mtumie ile barua kwenye WhatsApp hata kama hajasema tuma. Mtu aliyelipa ada ya fom siksi hawezi kuacha kuisoma.

Usiweke mayai yote kwenye kapu moja lakini. Hata faili zuri linakataliwa kwa sababu profesa mwaka huo hana ruzuku, inatokea sana na haihusiani na wewe. Ongeza vyuo viwili vingine, na ulizia Fulbright, ule ufadhili wa masomo wa serikali ya Marekani, kupitia ubalozi wao Dar, hiyo inalipa gharama zenyewe na ina ratiba yake, inaweza kuwa ya mwaka kesho.

Leo ukitoka shifti usipitie sokoni, nenda nyumbani, fungua kaunta la kwanza, lile la mwaka ulioanza kazi, na uandike imeili kwa yule mtafiti wa fildi. Mwambie umehesabu sangara wangapi. Ukishatuma zote niandikie, na siku baba mdogo akirudisha barua ikiwa na masahihisho yake nataka kujua alikata nini.

Anti yako